Safari za Upande Mmoja

Oktoba 2002, mwaka mmoja na siku kadhaa baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Marekani ilianzisha mpango wa kuwachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi ili waishi mwaka mzima wa masomo katika nyumba za Wamarekani. Mpango huo hujulikana kwa kifupi kama YES na umebeba majina ya maseneta wawili, Edward Kennedy na Richard Lugar. Fedha zake zinatoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, zimekuwa katika orodha ya nchi zake. Kijana anayepita mchujo hulipiwa karibu kila kitu, kuanzia nauli hadi bima. Familia inayompokea hailipwi. Unafuu inaoruhusiwa na sheria ya kodi ni kupunguza hadi dola 50 kwa mwezi kwenye mapato yanayotozwa, kiasi ambacho hakitoshi hata kumnunulia kijana wa miaka 16 maziwa na mkate anaoumaliza. Novemba, katika wiki ya elimu ya kimataifa, mgeni husimama mbele ya wanafunzi wenzake na kuwaeleza watu wa kwao wanavyoishi. Ni mpango mwema, hilo halina ubishi. Lakini njia ya kuwapeleka vijana wa Kimarekani upande wa pili ilianzishwa 2009, miaka saba baadaye, na nafasi zake zimekuwa chache mno ukilinganisha na za wanaoletwa, na nchi zinazowapokea Wamarekani ni chache kuliko zinazotoa wanafunzi wa kwenda Marekani. Tunasema wanafunzi wanabadilishana. Anayeenda tunamwona, anayekuja ni vigumu kumwona.

Wanaotetea programu za kubadilishana wanafunzi hupenda kuzipima kwa macho ya kijana aliyesafiri: amejiamini, amejua Kiingereza au Kijerumani, amepata marafiki. Wanaozipinga hupenda kuzipima kwa macho ya mzazi aliyebaki: mtoto amerudi na maneno mapya na dharau mpya. Vipimo vyote viwili vinamtazama mtu mmoja. Mimi naona kipimo cha maana ni usawa wa pande mbili, yaani nani anasafiri, nani anapokea, nani anakaa mezani kuamua, na kama majibu ya maswali hayo yameandikwa kwenye kanuni au yameachiwa nia njema. Pale usawa ulipoandikwa, programu zimewafikia mamilioni na kudumu vizazi. Pale ulipoachiwa nia njema, kinachobaki ni ufadhili wa wachache kwa upande mmoja na utalii kwa upande mwingine.

Mizizi ya safari hizi iko vitani. Katika vita vyote viwili vya dunia, Wamarekani wa kujitolea chini ya shirika la American Field Service waliendesha magari ya wagonjwa kubeba majeruhi, kwanza huko Ufaransa. Vita vilipokwisha, watu walewale waliokwisha kuona damu ya kutosha waliamua kuleta wanafunzi wa sekondari badala ya kubeba majeruhi, na mwaka 1947 wakaanza. Wazo lao lilikuwa kwamba kijana aliyekula na watu chungu kimoja kwa miezi kumi atashindwa kuwachukia. Karibu kila programu iliyofuata imelirithi wazo hilo kama lilivyo. Aliyekaa akalichambua ni mwanasaikolojia Gordon Allport, katika kitabu chake cha 1954 kuhusu chuki baina ya makundi. Alisema kukutana peke yake hakutoshi, na kwamba kukutana huponya chuki zaidi pale ambapo pande mbili zina hadhi sawa katika mazingira hayo, zina lengo moja, zinashirikiana kulifikia badala ya kushindana, na wenye mamlaka wanaunga mkono. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 zilizopima jambo hilo. Waliona kwamba kukutana kwa jumla kunapunguza chuki hata masharti yasipotimia yote, ila yanapotimia matokeo huwa makubwa zaidi. Kwa hiyo anayesema safari yoyote ni bora kuliko kukaa nyumbani ana ushahidi kiasi. Asichokuwa nacho ni sababu ya kuridhika na kiasi hicho, hasa anapotumia fedha za umma.

Mfano uliotimiza masharti ya Allport kwa ukamilifu zaidi uko baina ya Ufaransa na Ujerumani. Nchi hizo zilipigana mara tatu ndani ya miaka 75: 1870, 1914 na 1939. Tarehe 22 Januari 1963 Charles de Gaulle na Konrad Adenauer walitia saini Mkataba wa Élysée, na mwaka huohuo ikaundwa ofisi ya pamoja ya vijana inayogharamiwa na serikali zote mbili na kuongozwa na watu wa nchi zote mbili. Tangu hapo zaidi ya vijana milioni 9 wamepita katika programu zake. Idadi hiyo inavutia, lakini la kujifunza zaidi liko katika namna programu zake za shule zilivyofumwa. Katika mpango unaoitwa Brigitte Sauzay, mwanafunzi wa Kijerumani anaishi kwa mwenzake wa Kifaransa kwa takriban miezi miwili hadi mitatu, kisha yule Mfaransa anakwenda kuishi kwa Mjerumani kwa muda uleule. Katika ule unaoitwa Voltaire muda ni miezi sita kwa kila upande. Yaani mama anayempikia mgeni leo anajua kwamba kesho kutwa mwanawe atakuwa mezani kwa mama mwingine, na mtoto anayelalamikia chakula cha kigeni anajua kwamba mwenzake atakuja kulalamikia cha kwao. Kila mmoja anakuwa mgeni, kila mmoja anakuwa mwenyeji. Hakuna anayebaki katika nafasi ya mfadhili, wala anayebaki katika nafasi ya kushukuru.

Msomaji atasema hayo yanawezekana kwa mataifa mawili tajiri yanayopakana, ambako treni inatosha. Pingamizi hilo ni zito, na ndiyo sababu mfano wa pili una thamani kuliko wa kwanza. Mwaka 1991 Ujerumani na Poland ziliunda ofisi ya vijana kwa kuiga ile ya Wajerumani na Wafaransa. Poland ya wakati huo ilikuwa imetoka juzi tu katika ukomunisti, sarafu yake imeporomoka, mishahara yake ukiibadilisha kwa fedha za Kijerumani ni ya kuchekesha. Hata hivyo, baraza la ofisi hiyo liliundwa kwa wajumbe sawa kutoka pande zote mbili, na mpaka sasa zaidi ya vijana milioni 3 wameshiriki. Tofauti ya mifuko haikuondoka kwa saini, lakini ilizuiwa isigeuke tofauti ya sauti. Wajerumani walikuwa na kila sababu ya kudai uamuzi kwa kuwa ndio wenye fedha. Walikuwa pia na kumbukumbu ya kile walichoifanyia Poland kati ya 1939 na 1945, na labda ndiyo iliyowafundisha adabu. Nalisema hili kwa makusudi, maana Wajerumani wana historia na Tanganyika pia, na Waingereza na Kenya, na historia hizo hazijazaa baraza la namna hiyo.

Uhusiano wa kawaida baina ya shule za Ulaya na za Afrika Mashariki una sura nyingine. Hakuna ofisi ya pamoja. Kuna shule moja, mwalimu mmoja mwenye moyo, kikundi cha wazazi au kanisa, na wakati mwingine ruzuku ya serikali ya upande wa kaskazini. Ujerumani, kwa mfano, ina mfuko uitwao ENSA uliofunguliwa 2005 kwa fedha za wizara yake ya maendeleo, na kwa haki yake umejitahidi kudai maandalizi kabla ya safari na tathmini baada yake. Ziara yenyewe watu wa shule zetu wanaijua. Wageni wanawasili wiki ya pili ya likizo yao. Kwaya imefanya mazoezi mwezi mzima, kuta za mbele zimepakwa chokaa, ratiba ya vipindi imevunjwa. Risala inasomwa, na mwishoni mwa risala zinatajwa changamoto: vyoo, kompyuta, uzio. Wageni wanakabidhi mipira na boksi la kalamu, mkuu wa shule anakabidhi khanga na kinyago, picha inapigwa. Mchana wageni wanakula pilau ofisini na wanafunzi wanakula maharage bwenini. Jioni wanapelekwa hotelini au kwa masista. Wametumia siku nzima shuleni na hawajakaa dawati moja na mtoto yeyote kufanya zoezi la hesabu. Hadhi sawa hapo haipo, na lengo moja halipo pia, kwa sababu upande mmoja umekuja kujifunza juu ya umaskini na upande mwingine umejipanga kupata choo. Si kosa la yeyote kati yao. Ndivyo mkutano ulivyopangwa.

Wahenga walilimaliza hili zamani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hiyo inatajwa kumsema mgeni anayekaa mno, lakini ina upande mwingine. Jembe ndilo linalomtoa mgeni kwenye mkeka wa heshima na kumweka kwenye safu ya watu. Mgeni asiyepewa jembe anabaki kuangaliwa na kuangalia. Programu ya kubadilishana inayompa mgeni wa Kizungu jembe ni ile inayompangia zamu ya kufagia bweni, kipindi cha Kiswahili anachopata alama mbaya, na jaribio la Ijumaa. Inachukua wiki kadhaa kufikia hapo, na ziara ya siku kumi haiwezi. Ndiyo maana ningependa shule ipokee wageni wawili kwa miezi mitatu kuliko ishirini kwa wiki mbili, hata kama picha ya wawili haipendezi kwenye ripoti ya mfadhili.

Halafu kuna mpaka. Kijana wa Kijerumani anayetaka kuja Tanzania kama mgeni wa kawaida anajaza fomu mtandaoni na kulipa dola 50. Kijana wa Kitanzania anayetaka kwenda Ujerumani anaingia katika kanuni za Schengen. Hapa lazima tuwe waadilifu: kanuni hizo zinawasamehe ada ya viza, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, wanafunzi wanaokwenda kwa masomo pamoja na walimu wanaowasindikiza. Kwa hiyo kikwazo si ada. Kikwazo ni kwamba aliyefikisha miaka 12 lazima atoe alama za vidole, na mwanafunzi wa Kigoma lazima asafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam kuweka vidole kwenye kioo. Kikwazo ni cheti cha kuzaliwa, idhini ya wazazi wote wawili hata kama mmoja hajulikani aliko, uthibitisho wa fedha, barua ya mwaliko, na juu ya yote ile kanuni inayomruhusu ofisa kukataa akiwa na shaka ya msingi kwamba mwombaji hatarudi. Mtoto wa mvuvi wa Ujiji atathibitisha vipi kwamba ana sababu ya kurudi? Hana nyumba, hana kazi, hana akaunti. Matokeo yake shule zinajifunza kuchagua anayepitika kwenye dirisha la viza, yaani mtoto wa mtu mwenye akaunti. Safari iliyotangazwa kwa shule nzima inaishia kwa wale ambao wangesafiri hata bila programu.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini nihangaike na usawa ilhali mtoto mmoja akipata nafasi ni heri kwake na kwa taifa. Watataja ndege za Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, na wana haki ya kuzitaja. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliwafikisha New York wanafunzi 81, na hadi 1963 walikuwa wameondoka karibu 800 kutoka Afrika Mashariki. Wangari Maathai aliondoka 1960 kwenda chuo kidogo cha masista huko Atchison, Kansas, akarudi 1966, na 2004 akatunukiwa Nobel. Hakuna aliyemrudishia Mmarekani ziara, na Kenya haikupata hasara. Ila tutazame kile kilichokuwa kikifanyika. Mboya hakujifanya anabadilishana wanafunzi. Kenya ilikuwa inakaribia uhuru bila watumishi wa kutosha wenye shahada, akaomba nafasi za vyuo, akachangisha nauli, akasema waziwazi kwamba huu ni msaada wa kujenga nchi. Ufadhili ni jambo jema likiitwa ufadhili, kwa sababu hapo unaweza kuuliza maswali ya ufadhili: nani anauhitaji zaidi, na atarudi kufanya nini. Ukiuvisha joho la kubadilishana, maswali hayo hayaulizwi, na ya kubadilishana hayaulizwi pia.

Pingamizi la pili ni la wenye fedha: anayegharamia ndiye mwenye haki ya kupanga. Jibu lake limo katika historia ya programu hizohizo za upande mmoja, ambazo huishi kadiri siasa ya mgharamiaji inavyoruhusu. Mpango wa Marekani kwa vijana wa nchi zilizokuwa za Kisovieti, FLEX, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuwachukua maelfu. Oktoba 2014 Urusi ilijitoa baada ya mzozo juu ya kijana mmoja aliyebaki Marekani. Juni 2025 Marekani ilisitisha viza za wanafunzi na za wageni wa kubadilishana kwa raia wa Burundi, pamoja na nchi nyingine. Hakuna shule ya Bujumbura iliyoulizwa, na hakuna shule ya Marekani iliyopoteza chochote, kwa sababu hakuna Mmarekani aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kwenda Bujumbura. Huo ndio udhaifu wa safari ya upande mmoja: ikifungwa, mwenye ufunguo hapungukiwi. Programu ya Wafaransa na Wajerumani imepita mikononi mwa serikali za kila rangi kwa zaidi ya miaka 60, na sababu mojawapo ni kwamba kuifunga kunawaudhi wazazi wa pande zote mbili kwa siku moja.

Wengine wanadhani intaneti imeshamaliza mjadala: kwa nini nauli, ilhali madarasa mawili yanaweza kuonana kwenye skrini? Kwa mazoezi ya lugha na kazi za pamoja, inafaa sana, na ina fadhila moja ambayo safari haina, kwamba darasa zima linashiriki. Hata hivyo skrini haiondoi jembe wala haileti jembe; inahamisha tu pengo kutoka uwanja wa ndege hadi kwenye bando, umeme na kompyuta moja ya ofisi ya mwalimu wa taaluma. Kuhusu hofu ya maadili, kwamba watoto wataharibika, sioni haja ya kukaa nayo sana. Simu iliyo mfukoni mwa kijana wa Mwanza imeshamwonyesha Ulaya kuliko familia yoyote ya Kikristo ya Bavaria itakavyomwonyesha, tena bila mtu mzima pembeni.

Kinachoshangaza ni kwamba masharti ya Allport tunayatimiza karibu zaidi katika jambo ambalo hakuna anayeliita programu ya kubadilishana. Kila mwaka, kwa kawaida Agosti, michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, inawakusanya maelfu ya wanafunzi: Arusha 2022, Huye nchini Rwanda 2023, Mbale nchini Uganda 2024, Kakamega nchini Kenya 2025. Wanakuja kwa basi, wanalala kwenye mabweni ya shule, wanapanga foleni moja ya chakula, na uenyeji unazunguka. Nani ni mfadhili wa nani hapo? Hakuna. Dosari yake ni kwamba wanakuja kushindana, kwa timu, na wanaondoka mara filimbi ya mwisho ikilia. Lakini magumu yote ambayo tunaambiwa hayawezekani, yaani kuvusha watoto mpakani, kuwalaza, kuwalisha, kuwalinda, walimu wetu wa michezo wanayafanya kila mwaka bila viza na bila mfadhili wa Ulaya. Kumwongeza hapo mwanafunzi wa Tabora atakayebaki muhula mmoja Mbale, na wa Mbale atakayekuja Tabora, ni hatua fupi kuliko kwenda Hamburg. Wapo watakaosema hakuna la kujifunza Uganda. Hao waulizwe kwa nini Kiswahili bado kinababaisha wengi huko, na kwa nini Kiingereza kinawababaisha wanafunzi wetu wengi hapa.

Limebaki suala la kalenda, ambalo halina mvuto na kwa sababu hiyo limeachwa. Mwaka wa masomo wa Tanzania unaanza Januari, wa Marekani Agosti. Kijana anayeondoka katikati ya kidato cha tatu anarudi katikati ya kidato cha nne, akiwa amekosa nusu ya vyote viwili, na mwaka alioutumia ng'ambo haumsaidii mbele ya mtihani wa taifa. Kwa kawaida hulazimika kurudia. Kwa mtoto wa mwenye uwezo hilo ni usumbufu. Kwa mtoto anayesubiriwa na wadogo zake ni sababu tosha ya kutojaza fomu. Lakini kalenda hiyohiyo ina pengo. Mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba, na kidato cha tano kinaanza Julai. Ni miezi saba ambayo mamia ya maelfu ya vijana wanakaa nyumbani wakingoja matokeo na kisha uchaguzi, na inalingana karibu kabisa na ile miezi sita ya mpango wa Voltaire. Kinachohitajika ni wizara kukubali kwamba mhitimu wa kidato cha nne aliye katika programu bado ni mwanafunzi wa shule yake, ili awe na barua ya kuonyesha dirishani na sababu ya kurudi inayoandikika, na mwenzake wa ng'ambo apewe dawati, kitanda na namba ya mahudhurio Julai inayofuata. Uamuzi huo unaweza kutolewa Dodoma kwa waraka wa kurasa mbili, na hakuna mfadhili anayepaswa kuombwa ruhusa.